Jinsi Tulivyomstaafisha Mume Wangu

Habari kwamba lile jitu la Houston linahamia timu yetu ilinikuta kwenye maegesho ya kanisa baada ya misa, sahani ya wali mkononi, jua la Dallas likinichoma utosi. Aliyeileta ni jirani yangu Mrundi, mama anayefanya kazi kwenye ghala kule Mesquite na ambaye hajawahi kusema jambo lolote kwa sauti ya chini. Alikuja mbio, simu ameiinua juu.

"Dada, anakuja! Yule wa ndevu nyekundu! Ame-sign kwetu!"

"Nani ame-sign?" nikamjibu. "Hii ni timu ya watu wanaocheza Jumamosi halafu wanaenda kufua nguo zao."

Lakini hakunisikia. Alikuwa ameshageukia meza ya pili kuwatangazia wanakwaya.

Inabidi nieleze ilikuwaje Wakenya wachache na Warundi wengi wa mtaa wa Vickery Meadow tukawa mashabiki wa mpira wa Kiaustralia, maana hata sisi tukiulizwa tunacheka. Mume wangu anapiga eksirei hospitalini. Mwaka wa 2017 mfanyakazi mwenzake kutoka Australia, mwanamke anayenyoosha viungo vya wagonjwa, alimtazama urefu wake akamwuliza kama anaweza kuruka. Mume wangu ni mtu wa kukubali kwanza na kuuliza baadaye. Jumamosi ile alirudi nyumbani magoti yamechubuka, kaptura ina matope, na ana furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu tushuke kwenye ndege. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Nilienda Jumamosi iliyofuata kumwona anayempiga mume wangu hivyo. Nilimchukua jirani, jirani akamchukua katekista, katekista akaja na nusu ya kwaya, kwa kuwa Vickery Meadow hakuna mtu anayekwenda mahali peke yake.

Mchezo wenyewe tuliuelewa nusu nusu. Uwanja ni duara refu lililochorwa kwa koni za plastiki. Goli ni mabomba manne ya plastiki yaliyosimamishwa kwa imani tu, na mpira una umbo la yai. Ukipiga katikati ya yale mawili makubwa unapata pointi sita. Ukikosa, lakini usikose sana, unapewa moja. Katekista aliposikia hivyo aliupenda mchezo siku hiyohiyo. "Huu mchezo una huruma," alisema. "Mtu amekosa, na bado wanamwandikia kitu."

Kazi ya mume wangu ilikuwa kuruka. Mwamuzi anarusha mpira juu, warefu wawili wanaruka, wa kwanza kuugusa anawapigia wenzake. Sisi tulimwita mrukaji. Kwa miaka miwili tulikaa kwenye viti vyetu vya kukunja tukipiga kelele, "Ruka, shemeji, ruka!" na kwa miaka miwili, kila tulipokutana na Houston, yule wa ndevu nyekundu alimruka mume wangu kana kwamba anaruka mfereji.

Sasa, mwaka wa 2019, kazi ilikuwa imemleta Dallas, na sisi tukawa hatuna mazungumzo mengine. Alikuwa na miaka thelathini na minane na alikuwa amecheza kwao Australia tangu utotoni. Wengine walisema amezeeka. Jirani yangu alikasirika. "Ni gari la maili nyingi, sawa, lakini injini haijawahi kufunguliwa! Mimi nimemwona akikimbia." Mwanakwaya mmoja akashuku kwamba ametumwa na Houston kuja kupeleleza. Tupeleleze nini, nikauliza, mahali pa kuwekea sanduku la barafu? Binamu zao wa Gulfton, kule Houston, walituma ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine, wakilia kwamba tumewaibia. Jirani aliusikiliza kila mmoja mara mbili kwa raha zake.

Nilicheka nao kwa siku tatu. Siku ya nne, nikiwa nakoroga uji wa asubuhi, ndipo kikanijia kitu ambacho hakuna aliyekisema. Yule mtu alikuwa mrukaji. Na mrukaji tulikuwa naye. Alikuwa bafuni wakati huo, anaimba vibaya, ana miaka arobaini na moja, na goti moja analifunga bandeji akidhani sioni.

Niliwakasirikia wote. Miaka miwili wamekula samosa zangu na kumwita shemeji, na kumbe walikuwa wanamngojea mtu wa kumwondoa.

Jumapili iliyofuata kamati ya mapokezi iliundwa. Kwetu mgeni hafiki hivihivi. Lazima awe na kamati, kamati iwe na mwenyekiti, na mwenyekiti awe na mtu wa kumlaumu. Walinichagua mimi kwa kuwa ni mke wa mchezaji. Nilikubali nikiwa na hasira, nikijiambia kwamba angalau nitakuwepo kumtetea mume wangu. Katekista, ambaye miaka ya kambi ya wakimbizi Tanzania aliwahi kuwa katibu wa kijiji, akainua mkono.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Mwenyekiti, mimi nauliza. Kule kambini kiongozi mpya akiingia, wa zamani anamkabidhi muhuri mbele ya watu. Ndipo heshima inabaki kwa wote wawili. Kiti ni kimoja, hawawezi kukaa wawili. Sasa huyu shemeji yetu, tutamwacha atolewe kimyakimya na wazungu? Hapana. Akabidhi jezi yake yeye mwenyewe, tumpigie makofi, apumzike kwa heshima."

Watu walipiga meza. Wote wakanitazama mimi.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Nilikuwa nimekuja kusema hapana. Badala yake niliziona Jumamosi zangu zote zikinirudia: mume nyumbani, goti zima, mtu wa kunipeleka sokoni na kubeba magunia ya mchele. Nilinyamaza. Walichukua kimya changu kuwa ndiyo, na sikuwasahihisha.

Jioni nilimweleza mume wangu kwamba wanataka kufanya makabidhiano. Aliacha kutafuna. "Wewe unaonaje?" akaniuliza.

"Wamepanga vizuri," nikasema.

"Basi sawa," akasema, akaendelea kula.

Sherehe ilifanyika pale uwanjani baada ya mazoezi, Jumamosi, pilau na soda zikiwa zimepangwa nyuma ya gari letu. Kocha na wachezaji walisimama na nguo zao za jasho, hawajui kinachoendelea, lakini wamenusa pilau na hawana haraka. Yule Mwaustralia aliketishwa kwenye kiti chenye kitambaa cha kanisa. Katekista alihutubu dakika kumi nzima. Alianza na historia ya kambi, akapita kwenye barua kwa Wakorintho, akafika kwenye magoti ya shemeji. Binti yetu wa miaka kumi na minne ndiye aliyekuwa mkalimani. Alisikiliza mpaka mwisho, akawageukia wazungu, akasema, "He says thank you."

"Ni hayo tu?" katekista akauliza.

"That's basically it," akajibu binti yangu.

Kisha mume wangu akasimama. Alikuwa ameifua jezi yake na kuipiga pasi, jezi ya mpira, ina mstari wa pasi katikati ya mikono. Alimpa yule Mwaustralia kwa mikono miwili na kumwambia, kwa Kiingereza, kwamba ameruka kadiri alivyoweza. Mwaustralia alitaka kusema kitu, akamtazama kocha, kocha akatazama chini. Halafu akamkumbatia mume wangu. Sisi tukapiga vigelegele. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeshaona uso wa mume wangu na sikutaka kuendelea kuuona.

Wiki tatu baadaye tulikwenda Houston, magari manne. Mume wangu alisema atakuja kubeba maji ya wachezaji. Alikuwa amebadilika nyumbani, nami nilijifanya sioni. Alinipeleka sokoni. Alibeba magunia ya mchele. Hakuimba tena bafuni, na mimi ambaye niliwahi kumgongea mlango anyamaze, nilikuwa nasimama pale koridoni nikisikiliza maji tu.

Watu wa Gulfton walikuwa wamejaa upande wa pili na filimbi zao. Mchezo ulipoanza yule Mwaustralia aliruka vizuri mno. Jirani yangu alikuwa anawapigia simu binamu zake walioketi ng'ambo ya uwanja, tunaonana macho kwa macho, awaulize wanajisikiaje. Lakini joto la Houston halina adabu. Katikati ya robo ya pili yule bwana akatoka nje, akalala kwenye nyasi. Kocha akamwingiza mhasibu mmoja mfupi aruke badala yake. Mhasibu aliruka kwa moyo wote na hakuufikia hata mpira mmoja. Houston wakaanza kutufunga.

"Amechoka, amekwisha?" nikamwuliza yule mnyoosha viungo, aliyekuwa amesimama karibu nami.

Alinishangaa. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wagonjwa, kwamba katika mchezo huu watu hutoka na kuingia watakavyo, mara ishirini wakitaka. Kila timu huhitaji warukaji wawili wanaopokezana. Kwa miaka miwili mume wangu aliruka peke yake kwa sababu timu haikuwa na wa pili, na ndiyo maana goti lilikuwa linaisha. Huyu alipokuja wote walifurahi kwamba sasa mume wangu atapata kupumzika nusu ya mchezo. "Halafu akastaafu," akasema. "Kocha hakutaka kumwingilia. Ilikuwa sherehe nzuri sana."

Tulikuwa tumetazama mchezo ule miaka miwili, watu wakitoka na kuingia mbele ya macho yetu, na kila mara tulidhani wanakwenda kunywa maji.

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa anatembea ukingoni na kreti ya chupa, kofia imeshuka usoni, na mwamuzi aliporusha mpira juu, visigino vyake vilinyanyuka kutoka kwenye nyasi. Kidogo tu. Nadhani hata yeye hakujua. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Katika mchezo ule, mapumziko ya robo yakifika, mashabiki wanaruhusiwa kuingia uwanjani kumsikiliza kocha. Hatukuwahi kuingia, tulikuwa tunaona haya. Ilipofika mapumziko ya robo ya tatu nilivua kofia, nikaingia, na kamati yote ikanifuata bila kujua tunakwenda wapi. Nilimkatiza kocha. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba mume wangu hakustaafu. Mimi ndiye niliyemstaafisha, na nilikosea.

Sikuwa nimewahi kutamka neno hilo mbele ya watu. Mume wangu alisimama na kreti yake, mdomo wazi.

"Mwenyekiti," katekista akasema nyuma yangu, "uamuzi wa kikao unafutwa na kikao."

"Basi kikae!"

"Wanaokubali shemeji arudi?" Mikono ikainuka. Ya kwaya, ya jirani yangu, yote miwili, ya wachezaji walioona wengine wanainua. Hata watu wa Gulfton, waliokuwa wamekuja kusikiliza ugomvi, waliinua. Yule Mwaustralia hakungoja tafsiri. Alivua jezi pale pale, akamrushia mume wangu na kusema kwamba hata hivyo inambana kwapani, kisha akaenda kutafuta nyingine kwenye mfuko.

Mume wangu alinisogelea, jezi iliyoloa jasho la mtu mwingine mkononi. Alizungumza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Mimi nilidhani ni wewe ulitaka niache. Nikasema moyoni, kama hata mke wangu ananiona nimeisha, basi nimeisha."

Ningeweza kumsukumia katekista lawama. Alikuwa karibu, na angekubali.

"Nilitaka," nikasema. "Nilizitaka Jumamosi zako. Lakini sijawahi kukuona umeisha."

Akavaa jezi, akaingia.

Mruko wa kwanza alishindwa. Wa pili aliukosa mpira na kumgonga mwamuzi. Wa tatu aliupata, aliupata waziwazi, mkono wake juu ya mikono yote, na jirani yangu akamwaga sufuria nzima ya maharage miguuni pangu. Tulifungwa mchezo ule vibaya, na mabomba mawili ya goli letu yalianguka.

Njiani kurudi Dallas alinielezea ule mruko wa tatu: alivyokanyaga, alivyouona mpira ukizunguka, kiwiko cha yule wa Houston kilikuwa wapi. Kwa miaka miwili nilikuwa namjibu "mhm" huku natazama simu yangu. Tulipofika nusu ya safari alikuwa amemaliza, akarudisha mikono yote miwili kwenye usukani. Nikamwambia arudie, aanzie pale mwamuzi alipoushika mpira.