Siku Niliyoigeuza Somanda Kuwa Makaburi

Mpaka leo nikitaka kupita ofisi ya kata nazunguka kwa nyuma, kwenye michongoma, kwa sababu wapo watu wanaonikumbuka pale, na hawanikumbuki kwa kitabu changu (ambacho nilidhani ndicho kitakachonipa jina Somanda), wananikumbuka kwa asubuhi ile niliyosimama mbele yao na kipaza sauti, gauni la kitenge limenyooshwa mpaka linang'aa, nikawaambia kwamba wote wanaishi makaburini. Na nilisema kwa sauti nzuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba sauti ile nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Ilianza kwa rafiki yangu Neema, ambaye nilisoma naye sekondari na sasa ni afisa mipango miji. Alikuwa na rasimu ya kanuni za matumizi ya ardhi kwa mitaa yetu, yaani wapi pawe nyumba za kuishi, wapi pawe maduka, wapi gereji, wapi mtu aruhusiwe kufuga ng'ombe na wapi asiruhusiwe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tafsiri ya maneno, kwa sababu kanuni haiwezi kukukataza kujenga banda kabla haijakwambia banda ni nini. Wananchi wangesomewa kwanza, waseme wanavyoona, ndipo rasimu ipelekwe mbele. Neema aliogopa kwamba watu wangesinzia.

"Wewe ni mwandishi," aliniambia. "Nisaidie mama yako aelewe akisikia mara moja. Lakini Kabula, tafadhali, usiniletee riwaya."

Nikamletea riwaya. Palipoandikwa "jengo ni muundo wowote uliosimikwa ardhini, wa kudumu au wa muda," mimi niliandika kwamba jengo ni kitu kilichosimamishwa na mtu, kisichoondoka na upepo. Neema alicheka, akauliza kama nimewahi kuona upepo wa Bariadi ukiondoka na bati za darasa, na je, darasa lile si jengo? Akafuta. Palipoandikwa "chumba cha biashara kinachotazama barabara" niliweka fremu, kwa sababu hakuna mtu hapa mjini anayekwenda kupanga chumba cha biashara kinachotazama barabara, watu wanapanga fremu. Hilo alilikubali. Nyumba ya kuishi niliiandika kuwa ni mahali ambapo mtu akitoka, yupo anayemngoja, naye akaniuliza, "Na anayeishi peke yake anaishi wapi?" Nilinuna njia nzima mpaka nyumbani. Lakini ndivyo tulivyofanya kazi, mimi napamba, yeye anapunguza, na nikisema ukweli ile rasimu ilianza kusomeka.

Siku moja kabla ya mkutano, Neema alikuwa viwanjani, simu yake haipatikani, na mimi nilikuwa stationery nasubiri kuchapisha. Nikapitia maneno mara ya mwisho. Macho yakatua hapa: "Eneo la makaburi ni ardhi iliyotengwa kwa ajili ya maziko ya watu wote." Iliyotengwa. Nililiona neno baya, kavu, neno la mtu mwenye mhuri mkononi. Nikajiuliza, kifo chote hiki, halafu tunakisema hivi? Nikafuta, nikaandika: "Eneo la makaburi ni ardhi yoyote iliyompokea mtu." Nikaisoma kwa sauti ndogo pale pale, huku mashine ikiunguruma, na machozi yakanilengalenga (ndiyo, kwa sentensi yangu mwenyewe, chekeni tu). Nilifikiri kumsubiri Neema, kisha nikaona neno moja halistahili kumsubirisha mtu. Nikalipia nakala, nikaondoka.

Kurasa za nyuma sikuzisoma. Zilikuwa na majedwali, na majedwali hunichosha. Humo ndimo mlimoandikwa kwamba kwenye eneo la makaburi hairuhusiwi kuishi, kupika wala kufuga, na kwamba kiwanja kilicho ndani yake hakipewi hati ya makazi.

Sasa kwa nyinyi msio wa huku, hapa inabidi nieleze jambo. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake. Ukiingia kwenye mji wa mtu, nyuma ya nyumba au kando ya zizi utaona tuta lenye mawe, au sementi, au vigae na msalaba kwa aliyejaliwa, na kuku wanapita juu yake bila mtu kuwafukuza. Baba yangu yuko hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Mama huanika michembe ya viazi vitamu pembeni yake, na zamani nikipewa adhabu nilikuwa nakwenda kukaa pale nimlalamikie. Mtaniuliza nilisahauje. Sikusahau. Makaburi kwangu yalikuwa mahali pa mbali penye nyasi ndefu, na pale nyuma ya jiko palikuwa ni kwa baba tu. Kalamu ilipoandika makaburi, baba hakunijia akilini hata kidogo.

Mama alikuja kwenye mkutano mapema, akakaa mstari wa mbele na kitenge chake cha kwaya. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni mimi. Ya pili ni hati. Baba alipofariki, baba mdogo alikuja kutoka Kiloleli, akazunguka uwanja mikono ikiwa mgongoni, akamuuliza mama atarudi lini kwao. Alisema kwa upole, kama mtu anayeulizia mvua. Tangu siku hiyo mama alitaka jambo moja, hati ya kiwanja yenye jina lake, na wapimaji walikwisha kuchimbia bikoni, zile nguzo fupi za mipaka, mtaa wa pili, walikuwa wanakuja upande wetu.

"Mwangaluka!" nikawasalimu watu kwa Kisukuma, wakaitikia kwa kishindo, nikavimba kichwa. Nikasoma jengo, nikasoma banda, nikasoma fremu, watu wakapiga makofi. Neema, pembeni, alinionyesha dole gumba. Nikafika kwenye makaburi, nikashusha sauti kama nilivyojizoeza.

"Eneo la makaburi," nikasema, "ni ardhi yoyote... iliyompokea mtu."

Nikanyamaza kidogo ili iwaingie. Iliwaingia. Neema aliinua kichwa ghafla, akaanza kupekua karatasi zake.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Mzee Malimi, jirani yetu, aliyefiwa na mkewe masika yaliyopita.

"Binti yangu, sisi hatujasoma sana. Mke wangu yuko nyuma ya jiko. Ardhi imempokea, mimi mwenyewe nilikuwepo. Kwa hiyo mimi nalala makaburini?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Ndiyo maana wageni wako nikiwaleta usiku wanasema niwashushe njia panda!" Wakacheka tena, hata mama alicheka. Kisha mwanamke mmoja nyuma, ambaye sikuwa namfahamu, akasema bila kunyanyuka, "Wangu yuko chini ya dirisha. Alikuwa na wiki moja." Kicheko kikakatika.

Mtu aliyekuwa na nakala mkononi akafungua kurasa za nyuma, zile za majedwali, akasoma kwa sauti kubwa: hairuhusiwi kuishi, kupika wala kufuga. Hakipewi hati. Nikaona vichwa vinageukiana. Nikamwona mama amekunja mikono mapajani.

Hapo ningesema nimekosea ningekuwa salama. Maneno mawili tu, nimekosea, nisameheni. Lakini nilikuwa na kipaza sauti na gauni lililonyooshwa. Nikasema maziko ya zamani hayahesabiwi. Mzee Malimi akauliza, "Mke wangu ataanza lini kuwa wa zamani?" Nikasema tafsiri si sheria. Akauliza, "Basi umetuitia nini?" Na mimi, nikitafuta mahali pa kutokea, nikatoa sentensi ambayo hadi leo huniamsha usingizini.

"Wazee wangu, msiwe na wasiwasi. Ikibidi, makaburi huwa yanahamishwa."

Mzee Malimi alivua kofia, akaishika kifuani.

"Umhamishe nani?" akauliza. Hakupandisha sauti.

Mama akasimama. Akatikisa kitenge chake kuondoa vumbi, akaondoka bila kunitazama.

Neema alininyang'anya kipaza sauti, akaanza kueleza kwamba limetokea kosa, kwamba rasimu haikukusudia makaburi ya nyumbani, lakini watu walikwisha kuwa barabarani na vijana wa bodaboda walikuwa wameondoka na habari, na habari ikipanda bodaboda haimsubiri afisa. Kabla sijakunja karatasi zangu, mtaa wa chini walikuwa wanasema makaburi yanafukuliwa. Mitaa ya mbele zaidi walikuwa wameshaambiwa kwamba hata katapila liko njiani.

Neema hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi, akaweka kidole kwenye nafasi ya neno nililofuta, akasema, "Hili neno liliwekwa kwa ajili yao, Kabula. Makaburi ya nyumbani hayakutengwa na mtu yeyote, kwa hiyo kanuni haiyagusi. Nilikaa nalo siku nyingi hili." Kisha akaniambia twende nyumba kwa nyumba.

Tukaenda, mimi, yeye na mwenyekiti wa mtaa. Kwa Mzee Malimi tulimkuta amekaa juu ya kaburi la mkewe, juu kabisa, amenyoosha miguu, panga likiwa pembeni. Neema akamweleza, mwenyekiti akamhakikishia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema. "Lakini leo nitakaa hapa hapa. Na wewe binti, nenda kwa mama yako."

Alivyosema, nilijua kuna jambo. Nikawaacha wenzangu njiani, nikaenda mbio na viatu mkononi.

Nilipitia upande wa jikoni. Mama alikuwa ameinama na jembe, kitenge cha kwaya amekifunga kiunoni, udongo umempaka hadi magotini. Pale kwa baba palikuwa na matuta ya viazi. Matuta mazuri, yaliyonyooka, marando yameshapandwa na kumwagiwa maji, na mtu mgeni angeapa ni bustani ya siku zote. Tuta la baba halikuwepo. Mawe yaliyolizunguka alikuwa ameyapanga mlangoni pa zizi. Msalaba haukuwepo.

"Mayu," nikasema. "Mama. Unafanya nini?"

"Wapimaji wanakuja," akajibu, haachi kulima. "Wakute viazi."

"Mama, nilikosea. Kanuni haisemi hivyo. Neno nililifuta mimi, mimi mwenyewe, limerudishwa. Hakuna atakayemgusa baba."

Jembe likasimama. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na uso wake ulikuwa umechoka kwa namna ambayo sijawahi kuiona hata siku ya msiba.

"Limerudishwa," akasema.

"Ndiyo."

"Msalaba uko uvunguni kwangu. Nimeuviringishia shuka lake." Akakaa chini palepale, kati ya tuta na tuta. "Nililima nikimwomba radhi, Kabula. Kila jembe. Nikamwambia, Baba Kabula, jifiche kidogo, ni mwanao ndiye amesema."

Nilitaka kupiga magoti. Akanizuia kwa mkono.

"Usinisemeshe. Leta maji ninawe."

Kesho yake tulivunja matuta. Mzee Malimi alikuja na jembe lake bila kuitwa, hakusema neno la lawama, akarudisha mawe moja moja, na lile la kichwani mama ndiye aliyeonyesha lilipokuwa. Marando alikataa tuyatupe, tukayahamishia ng'ambo ya zizi. Mkutano ukaitishwa tena, Neema akasoma mwenyewe, kwa sauti yake ya kawaida, "ardhi iliyotengwa kwa ajili ya maziko ya watu wote," na hakuna aliyesinzia. Mimi nilisimama, nikasema yale maneno mawili niliyoshindwa kuyasema mara ya kwanza. Hakuna aliyepiga makofi, na nilishukuru.

Wapimaji walipofika kwetu, kijana mwenye kofia ya njano alitazama nyuma ya jiko, akauliza, "Mama, hapa pana kaburi?" Nikaona mkono wa mama umeshika nguzo ya banda.

"Hapa ni kwangu," akasema. "Huyo ni mume wangu."

Kijana akaitikia kwa kichwa, akachimbia bikoni yake kwenye kona ya kiwanja, akaendelea na kazi. Hati ilitoka baadaye, ina jina la mama, ameiweka kule kule uvunguni ulikolala msalaba.

Bado naandika, siwezi kuacha. Lakini nimeapa kwamba sitalifuta tena neno la mtu kwa sababu tu limeniudhi sikio, kabla ya kuuliza limewekwa kwa ajili ya nani. Nikisahau, nina cha kunikumbusha. Msalaba wa baba ulirudi umeinama kidogo upande wa jikoni, na mara mbili nimechukua nyundo kwenda kuunyoosha. Mara zote mbili mama amenikuta.

"Uache hivyo hivyo," husema. "Wewe umeshanyoosha vya kutosha."