Mapafu katika Beseni Moja

Alikohoa, au lilikuwa vumbi tu? Nililala macho usiku kucha na swali hilo moja.

Jioni iliyotangulia mimi na tonton, mdogo wake baba aliyenilea, tulikuwa tumemswaga ng'ombe wake kutoka pale malori ya Ituri yanaposhusha mizigo. Tulipita naye mtaa wa Kabondo, tukaelekea kwenye zizi la machinjio, karibu na mto Tshopo. Njiani lori likatupita, barabara ikafuka vumbi jekundu, na ng'ombe akatoa sauti. Mara moja tu. Tonton akanitazama kabla sijamtazama yeye.

"Iko vumbi, papa," akasema, akiniita papa kama wazee wetu wanavyowaita watoto wao. "Hata miye nakohoa." Akakohoa kweli, kwa mzaha, nikacheka ili nisimwudhi.

Nilikuwa nimetoka shule ya wasaidizi wa waganga wa mifugo miezi michache tu. Mzungu wetu, mganga mwenyewe, alikuwa safarini, na muhuri wa wino wa zambarau aliniachia mimi. Bila muhuri ule nyama haiuzwi sokoni. Sheria nilizijua kama sala: mnyama aonekane akiwa bado hai, achinjwe machinjioni wala si nyuma ya nyumba, na mapafu na ini lake visitengwe na mwili mpaka mkaguzi amepita. Shuleni hawakutuambia mtu azitumie vipi sheria hizo mbele ya yule aliyemlisha.

Tonton alikuwa na ng'ombe huyo mmoja tu. Kazi yake ya bucha, chakula cha nyumba, watoto wake waliokuwa bado shuleni, vyote vilisimama juu ya miguu minne ya mnyama yule.

Asubuhi nilimpima. Alikuwa anakula majani, pua yake ina unyevu, macho yake safi. Nikaweka sikio kwenye mbavu zake. Nikaondoka, nikarudi, nikaweka sikio tena.

"Docteur," mchinjaji mmoja akaniita, "unataka kumuoa? Twende tuongee na baba yake!"

Wenzake wakacheka. Nikampitisha achinjwe.

Ilikuwa Ijumaa. Wenye bucha walikuwa watatu, tonton na wenzake wawili, kila mmoja na ng'ombe wake niliyekwisha kumpitisha, wote wenye asili ya Maniema, wote wa msikiti mmoja, na walitaka kumaliza kabla ya sala. Walikuwa na desturi yao, ya tangu wazee wao: matumbo ya siku hayana mwenyewe. Mapafu, maini na utumbo wa ng'ombe wote huwekwa pamoja, halafu hugawanywa sawasawa, mtu asimwonee mwenzake wivu kwa sababu ya ini kubwa. Nilikuwa nimewakataza. Walinijibu "Ndiyo, docteur" kwa heshima zote. Ijumaa ile, wakati nimeinamia vichwa nikipasua tezi za shingoni, wakatia vyote katika beseni moja.

Nilipogeuka nilianza na mapafu. Jozi ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu ilikuwa na vinundu vigumu kama kunde. Nilipokata, kisu kilikwaruza kama kinakata mchanga, na ndani mlikuwa na kitu cheupe, kikavu, kama unga wa muhogo uliolowa ukakauka. Ini moja nalo lilikuwa hivyo hivyo. Kifua kikuu kikiwa kimeenea hivyo, ng'ombe mzima huharibiwa.

"Haya ni ya nani?"

Wakainamia beseni, wakayageuza huku na huku. Nje ya lango akina mama wanaouza matumbo walikuwa wanacheka, wanasubiri.

Mzee wa wenye bucha akasema taratibu, "Bon, mutoto yetu. Kata ile mubaya, tupa. Nyama iko muzuri, angalia mwenyewe."

Niliangalia. Miili mitatu ilining'inia, myekundu, yenye mafuta. Nilipasua kila tezi niliyoijua, na hakuna iliyoniambia kitu. Nikawaambia sheria: mgonjwa asipojulikana, wote watatu ni wagonjwa.

"Yote tatu?" akapaza sauti yule mwenye bucha mwingine. "Alors, unatuua sisi wote juu ya mapafu ya mumoja?"

Hapo tonton akasogea mbele. "Iko yangu," akasema. "Ilikohoa jana. Muulize huyu, tulikuwa naye."

Wote wakanigeukia. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini alisema kweli lini, jana au leo? Kama ng'ombe mgonjwa ni wake kweli, nyumba mbili zimepona. Kama anadanganya ili wenzake wapone, basi mgonjwa anakwenda sokoni na muhuri wangu mgongoni, na jioni watoto wa cité, mitaa yetu ya Waafrika, wanamla. Nilijaribu kukisikia tena kikohozi kile. Kila nilipokiita kilikuja na sauti nyingine: kikavu, chenye makohozi, halafu kile cha tonton mwenyewe cha mzaha.

"Sema, papa," akaniambia kwa sauti ndogo. "Sema ulisikia."

"Nilisikia. Lakini sikujua ni nini. Hata sasa sijui."

Jua lilikuwa limepanda. Hatukuwa na barafu, nzi walikwisha kuja, na mtu wa kumuuliza hakuwapo. Nilitamani tonton anitukane. Alinitazama tu, kama mtu anayemsubiri mgonjwa aseme kinachomuuma.

"Shule yenu," mzee akasema, "iliwafundisha kuharibu tu?"

Nikaagiza shimo lichimbwe. Nyama ikizikwa hivi hivi hufukuliwa kabla ya asubuhi, kwa hiyo ni lazima kwanza imwagiwe mafuta ya taa, mpaka hata mwenye njaa aikatae. Wachinjaji hawakutaka kulishika kopo la mafuta. Nikalibeba mwenyewe. Nikaanza na nyama ya tonton, yeye akiwa amesimama hapo hapo kando yangu, kisha nikamwagia ya pili, kisha ya tatu.