Kusubiri Malori Bustanini

Bustani ya mji wa Arua ilipandwa na wakoloni, na siku hizo sisi watu wa mtaa wa Awindiri tuliiona kwa nje tu. Baadaye Wahindi ndio waliokuwa wakipunga hewa humo jioni. Walipofukuzwa, mwaka wa sabini na mbili, getini hapakubaki mtu wa kutuzuia. Mume wangu, dereva wa jeshi, akija likizo alitupeleka huko Jumapili. Tulikula karanga kwenye benchi huku binti yetu akipiga kelele kwenye bembea.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ilianguka. Malori ya askari waliokimbia kutoka kusini yakawa yanasimama pale pale bustanini. Nikahamia huko na binti yangu na mama mkwe, nikiogopa mume wangu asije akanipita. Familia za askari zilijaa, zimefunga mashuka mitini kujikinga na jua. Kila lori liliposimama nililikimbilia.

"Dereva mmoja mrefu, ana kovu shavuni, hamjamwona?"

"Mama, huko nyuma watu iko mingi," askari mmoja alinijibu bila kunitazama. "Sisi hapana jua mutu."

Mvua zikaanza. Binti yangu akashikwa na homa, hata maji yakawa hayapiti kooni. Hospitalini wauguzi walikuwa wamekwishakimbia. Kuni hazikuwepo, watu wakavunja mabenchi, kisha bembea. Na mimi niling'oa ubao mmoja wa benchi, nikachemsha uji ambao mtoto aliutapika wote.

Mama mkwe aliuangalia ule uji chini.

"Binti, tuende Koboko. Kwa ndugu yangu dawa iko. Ukikaa hapa, utazika."

"Na mwanao akija asitukute?"

"Ule iko mutu mukubwa," alisema. "Huyu iko mtoto." Akajifunika uso kwa mtandio.

Tulitembea, tukipokezana kumbeba mtoto mgongoni. Mara mbili nilidhani amekata roho. Huko Koboko mtoto alipata dawa, na asubuhi moja akaomba chakula. Mama mkwe alitoka akaketi mlangoni, akalia kwa sauti, akimwita mwanawe kwa jina la utotoni. Niliketi kando yake.

Mume wangu hakuja. Mizinga ya jeshi lililoiangusha serikali ilipoanza kusikika, tulifunga mizigo tena, tukavuka mpaka kwenda Sudan.