Mguu Mwepesi wa Wifi Yangu

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo, na mtaa mzima unajua. Nimeona mvua ya mawe ikitoboa bati. Nimeona mapacha watatu wakitoka tumbo moja. Nilisema "haya" nikaendelea kupepeta mchele wangu. Lakini wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, alinifunga mdomo mchana mmoja, na mdomo wangu si mlango wa kufungwa na kila mpitaji.

Jina analo, ila halitumiki. Watu wanamwita Kobe. Ana pikapu kuukuu ya dizeli, mlango wa abiria unafungwa kwa kamba, na kazi yake ni kuchukua mayai kwa wafugaji na kuyapeleka madukani. Trei juu ya trei, mpaka juu ya kichwa cha mtu. Gari hilo aliachiwa na marehemu mumewe pamoja na watoto, na siku alipoliingiza kituoni mara ya kwanza madereva walishika mbavu wakicheka.

"Mama, hilo gari lako lina ujauzito? Mbona unalibembeleza?"

"Lina mayai," akawajibu. "Nyinyi bebeni mawe, mkimbie."

Mayai ndiyo yaliyomfundisha. Ukikanyaga breki kwa pupa, trei za nyuma zinazisalimia za mbele, na jioni unakula hasara. Basi yeye huanza kusimama kabla hajafika pa kusimama. Akiona kona kwa mbali, au ng'ombe, au watu wamejaa njiani, anatoa mguu kwenye mafuta na kuliacha gari ndani ya gia. Mwendo unapungua wenyewe, taratibu, kama ugomvi wa watu waliochoka. Akifika pale, breki anaigusa tu, kama mtu anayegusa pasi ajue kama imepata moto.

Wenziwe hawafanyi hivyo. Wakiona mteremko wanatia fri, yaani gia haishiki kitu, gari linateleza lenyewe na mlima. Wanasema ndivyo mafuta yanavyookolewa. Mume wangu naye alikuwa hivyohivyo miaka yote aliyoendesha lori la mahindi. Nilikaa pembeni yake safari nyingi, nikamwona akisukuma mkono wa gia katikati na kusema, "Sasa tunakula bure." Kwa hiyo mimi mke wa dereva nilikuwa na msimamo wangu, na Kobe nilimwona mjinga mwenye bahati.

Siku yenyewe, mume wangu aliamka akiwa amejikunja kama jani kavu. Ngiri yake, aliyoibeba miaka na miaka kwa ubishi, ilikuwa imekaba. Muuguzi wa zahanati akaibonyeza kidogo, mzee akalia. Sijawahi kumsikia mume wangu akilia.

"Mama, utumbo umebanwa," muuguzi akaniambia. "Huyu apasuliwe leo, kabla jua halijazama. Mkichelewa utaoza. Na msimrushe njiani."

Hospitali ya upasuaji iko ng'ambo ya mlima. Na wiki ile mafuta yalikuwa yameadimika. Kituo cha mafuta kimefungwa kwa mnyororo, gari la wagonjwa limeegeshwa limekauka, madereva wamelala chini ya malori yao. Nilikwenda kwa kila mmoja. Mwenye nia hakuwa na mafuta, na mwenye mafuta hakuwa na nia.

Kobe akaja mwenyewe. Alichovya kijiti kwenye tanki, akakitazama, akakipangusa kwenye sketi.

"Yanatosha?" nikamuuliza.

"Yanatosha kwa mtu mwenye subira."

"Wifi, sikuulizi habari za subira!"

"Na mimi sina jibu jingine. Leta godoro."

Seremala jirani yetu akamlaza mzee nyuma, akakaa naye kumshika. Mimi nikapanda mbele, nikafunga kamba ya mlango.

Tukaanza kupanda mlima. Injini ilikuwa inalia, moshi mweusi unatoka nyuma kama wa tanuri la matofali, na mshale wa mafuta unalala huku nauona. Kila ulipolala nilimwona mume wangu analala nao. Tulipofika kileleni, barabara ikainama mbele yetu, mteremko mrefu unaozunguka mlima kama kamba iliyozungushwa kwenye pia, nikavuta pumzi.

"Haya, sasa tia fri."

Akaingiza gia ya tatu, akatoa mguu kwenye mafuta, akauweka sakafuni.

"Wifi, tia fri! Unachoma mafuta bure! Kaka yako anakufa huko nyuma!"

"Najua alipo kaka yangu."

Nikanyoosha mkono nishike gia mwenyewe. Akanipiga kofi la vidole, pa! kama anavyopigwa mtoto anayedokoa nyama jikoni. Mimi! Niliyesimama kumsemea siku ya harusi yake!

"Nisikilize, wifi, halafu ukitaka unitukane mpaka chini," akasema, macho yako barabarani. "Ukitia fri, injini inabaki peke yake. Isipokula inazima. Kwa hiyo inakula, kidogo kidogo, mteremko mzima. Ukiiacha kwenye gia na mguu umetoa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Mlima unaibeba. Pampu inaona hakuna anayeomba, inafunga bomba. Haili hata tone."

"Injini inazunguka, halafu haili?"

"Haili."

"Nani kakwambia?"

"Tazama kioo. Moshi uko wapi?"

Nikatazama kioo cha pembeni. Nikafuta vumbi kwa kiganja, nikatazama tena. Moshi hakuna. Bomba la moshi lililokuwa linatapika weusi dakika chache nyuma lilikuwa kavu, na nyuma yake naona majani ya kando ya barabara, kijani safi, kila jani peke yake. Na injini inazunguka! Naisikia chini ya miguu yangu. Haingurumi tena, inavuma, kama mtu anayeimba na mdomo ameufunga. Jiko linachemka na kuni hakuna. Mwili ukanisisimka kuanzia mgongoni hadi kwenye nywele. Miaka yote ile pembeni ya mume wangu nilikuwa nimekaa juu ya jambo hili, na sikuwahi kulitazama.

Nikaanza kumtazama wifi yangu kama mtu mgeni.

Hakukanyaga kitu. Miguu yote miwili ilikuwa imetulia sakafuni, na gari limeshikwa na injini yake lenyewe, halikimbii, halikwami. Kona ikija mwendo tayari umeshakuwa wa kona. Pale mlima ulipokaza aliteremsha gia moja, klachi ikashuka na kupanda kama kope, na mimi niliyekaa karibu sikuhisi kushtuka. Gari dogo la abiria likatupita kwa kasi kwenye fri, dereva anatupungia mkono kwa dharau, harufu ya breki zilizoungua ikatuingia dirishani. Kobe akakunja pua tu.

Chini, kwenye daraja, watu wa barabara walikuwa wamesimamisha magari kwa bendera nyekundu. Aliwaona tukiwa bado mbali.

"Tukisimama kabisa, kuondoka tena kutakula sana," akasema, safari hii kama anaongea na gari. Akaliacha lipungue, lipungue, watu wanaotembea wakaanza kutupita. Nyuma yetu lori linapiga honi na dereva wake anataja mama zetu. Kobe hakugeuka. Mwenye bendera akaitazama pikapu inavyokuja kama bibi harusi, akainua ya kijani tulipomfikia, tukapita bila gurudumu kusimama.

Kipande cha mwisho ni tambarare, na tambarare haibebi mtu. Hapo injini ilikula, mshale ukagusa chini na taa nyekundu ikawaka. Sikuomba kwa sauti. Nilimkazia macho yule mwanamke, na kila alipoutoa mguu mapema kabla ya tuta, kila alipoliacha gari lijitembelee lenyewe hadi njia panda, nilisikia kama tone moja limerudishwa kwenye damu ya mume wangu.

Geti la hospitali lilikuwa wazi. Tukaingia. Wabeba machela wakashusha ubao wa nyuma, na mzee akafumbua macho, jasho limemlowa.

"Mbona hatuondoki?" akauliza. "Mnangoja nini?"

Seremala akaanza kucheka, kisha nikaona anafuta machozi. "Tumefika, mzee. Hii hospitali."

"Acha uongo. Gari halijatikisika."

Wakamkimbiza ndani. Jua lilikuwa bado juu ya paa. Tulikaa kwenye benchi mpaka daktari akatoka, kofia mkononi, akasema utumbo ulikuwa umeanza kubadilika rangi lakini umepona, na kwamba mgonjwa ameshaanza kubishana na wauguzi. Hapo nikajua ni mzima.

Niligeuka nimwambie wifi yangu. Alikuwa amelala, kichwa ukutani, mdomo wazi, miguu ameinyoosha mbele kwenye sakafu ya saruji. Nilitafuta neno la kumwamshia. Mimi ni mtu wa maneno, lakini kila nililolishika lilikuwa dogo. Basi nikachuchumaa, magoti yakalia, nikamvua viatu. Nikautazama mguu wa kulia. Ni mguu mdogo, kisigino kimepasuka, kidole cha mwisho kimejikunja. Nikaufunika kwa mtandio wangu, nikakaa chini palepale kuulinda, na muuguzi aliponiambia nipishe njia, nikamwambia apite upande wa pili.