Namba Iliyo Kabla ya W

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikionekana kwenye posho mill nimepeleka mahindi kusagwa, watu huniuliza nimesafiri kwenda wapi. Kwa hivyo mdogo wangu, anayeendesha bodaboda huku Navakholo, hakuwahi kuona sababu ya kuniuliza jambo lolote la injini, ingawa pikipiki yake hulala jikoni kwangu na kuku, na alfajiri mimi ndiye huamshwa nayo.

Mwaka huu ilianza kukataa kuwaka asubuhi. Alipiga kiki hadi jasho likamtoka kwenye baridi, na ikiwaka, injini iligonga kwa juu kama vijiko kwenye sufuria kabla ya kutulia. Kelele ningeivumilia. Shida ni kwamba alikuwa na mteja wa kudumu, mwalimu, ambaye yeye ndiye aliyembeba hadi shuleni kila siku, na wiki ile mwalimu alichelewa mara mbili. Akamwambia mdogo wangu kwa upole, ule upole wa walimu unaotisha, kwamba wakichelewa tena Jumatatu atatafuta mtu mwingine.

Jumamosi mdogo wangu alikuja kubadilisha oili, akabeba ile ile aliyozoea: namba hamsini, ya trekta za miwa. Wenzake wa steji ya bodaboda huchagua oili kwa vidole. Unachovya, unasugua, ikivutika kama molasi, imepita. Ni hesabu ya obusuma, ugali wetu: usiposimama kwenye sahani, hicho si chakula. Nami nisijifanye mjanja, niliisugua nikaipenda.

Lakini kile kitabu kilichokuja na pikipiki nilikuwa nimekisoma chote wakati wa mvua, kwa kukosa kingine. Kilisema 10W-30. Nikamweleza kwamba namba iliyo kabla ya W ni ya injini ikiwa baridi, na ikiwa ndogo oili hukimbia upesi wakati wa kuwasha. Ya nyuma ni ya injini ikishapata moto.

"Dada, wewe hutokangi hata kwa barabara," akasema. "Leo unanifundisha oili?"

"Sitoki, ndiyo maana nasikia. Hiyo yako asubuhi ni uji uliolala. Ikifika juu, vyuma vimeshasagana. Na injini ni ya juzi tu, unailisha kama trekta kwa nini?"

Akacheka, akasema steji itamwita mwoga wa oili. Nikamwambia basi, aweke ya kitabu, na Jumatatu isipowaka, mimi mwenyewe nitatembea hadi kwa mwalimu kumwomba msamaha. Anajua mimi kutoka kwenye boma hili ni jambo zito kuliko oili yoyote. Akarudi dukani, akaleta ile nyepesi, ya pikipiki hasa, tukamwaga ya zamani na kuweka mpya hadi kwenye alama.

Jumatatu nilisimama jikoni nikijifanya nawasha moto. Kiki ya kwanza, ikakohoa. Ya pili ikanguruma, na vile vijiko sikuvisikia kabisa. Akaondoka bila kuniangalia, maana angeniangalia angelazimika kusema kitu.

Kabla ya saa mbili simu ikalia.

"Mwalimu ameshuka," akasema. "Kengele bado. Amesema kesho saa ile ile." Kisha akaongeza: "Kuna wawili hapa steji wanauliza hiyo namba."

Nikamtajia polepole, kama mtu mwenye shughuli nyingi, kisha nikaenda kufungulia kuku nikitembea kama diwani aliyechaguliwa tena.