Ngisi Hana Neno

Wageni ninaoshuka nao chini ya maji, huku kusini mwa Likoni, huniuliza kuhusu papa kabla hata hawajavaa mtungi wa hewa. Juzi mmoja, mwalimu kutoka bara, akauliza la ngisi: tukikutana naye huko chini, ana hatari? Nikamjibu kwamba ngisi hana neno. Ni mwoga mwenye udadisi. Hukusogelea akakukodolea macho, ukinyoosha mkono amekwenda zake. Wa kwetu hapa wengi wanaenea kwenye sufuria. Mwalimu akacheka, akatulia. Mimi sikutulia, maana namjua mtu ambaye ngisi alimharibia maisha bila hata kumgusa.

Mtu huyo ni mwamu wangu, kaka wa mke wangu, mzaliwa wa Mtongwe. Tangu ujana wake alizamia pweza kwa pumzi zake mwenyewe, hana mtungi wala mpira wa hewa. Akishuka, wenzake walioko juu husimuliana harusi nzima, na biriani yake, yeye bado hajaibuka. Pumzi zile ndizo zilizokuwa jina lake mtaani. Wanawake walimtania mkewe kwamba asithubutu kununa, kwa sababu mumewe anaweza kuziba pumzi mpaka aombwe radhi.

Pweza walipoadimika nikamleta kazini kwetu ajifunze mtungi. Sheria ya kwanza ya mtungi ni kupumua wakati wote, hasa unapopanda. Hewa unayoivuta kule chini imebanwa na uzito wa maji. Ukipanda nayo huku umeziba pumzi, hutanuka kifuani hadi pafu likapasuka. Mzamiaji wa pweza hana shida hiyo, kwani hewa yake ameivuta juu.

"Yaani mimi nilolelewa kwa kuziba pumzi," akasema mwamu, "leo naambiwa nisizibe?"

Tukacheka sote. Bwawani alifanya vizuri, na baharini pia. Wahenga walisema mazoea yana taabu, lakini nani huwakumbuka wahenga mambo yakiwa yamenyooka?

Asubuhi moja tulishuka wawili kukagua mnyororo wa boya letu. Maji yalikuwa mazito, na samaki wadogo wanaotuzunguka kila siku hawakuwapo. Sikupenda. Nilipogeuka nikawaona ngisi nyuma yetu, kundi zima, wameelea kwa safu wakitutazama. Rangi zao zilikuwa zikibadilika, weupe ukizama katika wekundu kisha ukarudi. Hawakuja mbele wala hawakuondoka. Nimewala ngisi maisha yangu yote, lakini siku ile niliogopa yale macho.

Mwamu alikuwa ameinamia mnyororo. Alipoinua kichwa akakutana uso kwa uso na mmoja aliyekuwa amemsogelea. Ngisi akashtuka, akamwaga wino, akatoweka na wenzake wote. Wingu jeusi likamfunika mwamu kichwa na mabega, nikabaki naona miguu tu ikirusha mateke. Wino haudhuru, ungojee tu utawanyike. Basi nikangoja nione mapovu ya pumzi zake yakipanda.

Hayakupanda. Alikuwa ameziba pumzi, kama alivyoziba tangu ujana kila bahari ilipomtisha, na tayari alikuwa akikimbilia juu. Nikagonga mtungi wangu kwa kisu. Hakusikia. Nikarukia mguu wake, nikabaki nimeshika pezi la mpira. Ikanibidi nipande taratibu, nikitoa hewa kama sheria inavyotaka, huku najua nitakachokikuta.

Nilimkuta ameelea chali, povu jekundu linamtoka mdomoni. Alisema neno moja tu: "Ngisi."

Hospitali walimtia mrija ubavuni, akapona. Daktari akamkataza kuzamia kabisa, kwa mtungi au kwa pumzi. Lakini Mtongwe ilikuwa na daktari wake. Yule ngisi alikuwa ameshakua, kwa midomo ya watu, akashinda ngalawa. Mama mkwe alimwita maalim, mwanawe akasomewa, akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya. Na kweli rangi ikamrudi. Ikatangazwa kwamba jini la ngisi limetoka, na kwamba mwamu anarudi kwa pweza wake. Nyumba nzima ilifurahi. Mimi nilishikwa na hofu nisiyoweza kuila wala kuitema, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyeona kwamba mapovu hayakupanda.

Nikamfuata barazani kwake. Alikuwa akifuta miwani yake ya kuzamia kwa upindo wa kikoi.

"Mwamu," nikamwambia, "hapana jini hapa. Nilikuwapo. Ngisi hakukugusa. Uliziba pumzi, hewa yako mwenyewe ndiyo iliyolipasua pafu. Likipasuka tena ukiwa chini, tutakuzika."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Ndani mama yake alikuwa akitwanga viungo, anaimba. Mwamu alisikiliza kidogo. Kisha akanipa ile miwani, akaweka kiganja ubavuni, pale penye kovu, akavuta pumzi polepole kama mtu anayeonja chakula asichokiamini.

"Ngisi mtu humkimbia," akasema. "Pumzi zangu n'tazikimbia niende wapi?"