Picha Iliyotundikwa Kansanga

Nilijua ninashukiwa asubuhi ile walipoacha kusema Kiswahili mbele yangu.

Jengo letu, hapa Kampala, lilikuwa ghala la kahawa kabla ya vita. Vita vilipokwisha, mwenye jengo aliligawa kwa mbao, akatukodisha sisi wachoraji na wachongaji, kila mtu na chumba chake. Waganda walikuwa wengi. Mimi nilikuwa Mkenya pekee, na jirani yangu alikuwa mchonga vinyago, mkimbizi kutoka Kongo ambaye kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. Kwa ajili yetu sisi wawili, chai ya saa nne ilinywewa kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kuokoteza, lakini tulielewana. Basi asubuhi hiyo nilipokaribia birika maneno yakageuka Kiluganda, kisha yakaisha kabisa. Mtu mmoja akanipisha kwenye benchi kwa adabu iliyozidi kiasi, na adabu ile ndiyo iliyonitia hofu.

Mkongo ndiye aliyenifuata chumbani. "Ndugu yangu, banasema ni weye unaiba picha za Mama."

Mama tulimwita mwanamke aliyechapa picha za mbao. Alichora kwenye ubao, akachonga kwa patasi, akapaka wino, akalaza karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka picha itoke. Alikuwa bingwa, na hakuwa na haja ya kuambiwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia chumbani kwake wala kuona ubao. Tulichoona sisi ni karatasi zikikauka kwenye kamba barazani. Sisi tuliochora kwa rangi za mafuta alituita wapaka rangi wa watalii, na mimi hasa, kwa sababu nilichora twiga. Ni kweli nilichora twiga. Twiga walinilisha.

Picha yake iliyopendwa zaidi ilimwonyesha mwanamke akimenya matoke mlangoni, mtoto upande mmoja, jiko upande wa pili. Sasa, picha ya ubao hutoka imegeuka, kama sura kwenye kioo, kwa hiyo mchongaji anatakiwa kuichora kinyume tangu mwanzo. Siku alipoichonga picha hii Mama alisahau. Mwanamke wake akatoka ameshika kisu kwa mkono wa kushoto, na kwa Waganda chakula hakishikwi kwa kushoto. Tulimtania sana, tukamuuliza hayo matoke atayala nani. Alinuna, lakini ubao mwingine hakuchonga.

Picha hiyohiyo ndiyo iliyoonekana ikiuzwa katika duka la mtaa wa Kansanga, imechorwa kwa rangi za mafuta, haina sahihi. Muuzaji alisema huletwa na mtu wa bodaboda na mchoraji mwenyewe hamjui. Tulikuwa watatu jengoni tuliotumia rangi za mafuta, ila wale wawili walikuwa wenyeji.

Nilipopita, watu walizielekeza picha zao ukutani. Aliyekuwa akiniazima brashi akaanza kusema zimelowa. Nami nikawa nawatazama wote kwa jicho la pembeni, maana kama si mimi, basi alikuwa mmoja wao. Nilimshuku mwenyekiti wetu, fundi wa sanamu za vyuma chakavu, kwa kuwa alishughulika mno na jambo lisilomhusu. Nilimshuku hata Mkongo, na hiyo ilinichukiza. Mama peke yake alinisalimia kama kawaida, pengine kwa upole kuliko zamani. Nikaona ana utu.

Mwishowe mwenyekiti aliita mkutano. Picha ya dukani ilikuwa mezani, wameiazima.

"Ssebo, bwana," akaniambia, "sisi hapana taka maneno mingi. Wewe toka tu polepole. Hiyo chumba tutapea mutu ingine."

Chumba hicho ndicho nilichofanyia kazi na ndicho nilicholala, nyuma ya turubai. Sikuwa na kwingine Kampala. Hasira ikanipanda kichwani. Niliinyakua ile picha ili niwaonyeshe vidole vilivyochorwa ovyo, niwaulize kama mimi ni mtu wa kuchora vidole vya namna hiyo. Hapo nikaona kisu. Kilikuwa katika mkono wa kulia.

Nilitoka nje hadi barazani nikachomoa karatasi moja ya Mama kwenye kamba, nikarudi nikailaza mezani kando ya ile picha. Si mkono tu. Mtoto alikuwa upande wa pili, jiko limehama, mlango umehama.

"Tangu lini mwizi akaiga picha iliyo mbele yake kwa kuigeuza yote?" nikauliza. "Aliyechora hii hakuitazama karatasi. Alitazama ubao. Nani kati yenu amewahi kuuona ubao?"

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Mutu anaweza kugeuza, akitaka kuficha."

"Kuficha nini, na kila mtu ameitambua? Mama atuletee ubao, tupime."

Wote wakamgeukia. Mama hakuinuka. Alikuwa akisugua kucha moja kwa kidole gumba, na nilipotazama vizuri nikaona chini ya ile kucha kuna rangi ya manjano. Wino wake siku zote ulikuwa mweusi.

"Mama, ni weye?" Mkongo akamuuliza taratibu.

"Karatasi hawanunui," akasema. "Wazungu wanataka rangi." Alikuwa na aibu, hilo lilionekana wazi. Miaka yote ile ametucheka, angetuambiaje? Kisha akaninyooshea mkono, kama anayeomba nimsaidie kitu. "Lakini mimi sikusema ni yeye. Waulize. Sikusema."

Na ni kweli, hakusema. Aliniamkia kila asubuhi na kuwaachia wengine waseme. Iliniuma kuliko shutuma zote.

Mama akaanza kulia. Wakamzunguka, mmoja akamletea maji, mwenyekiti akamshika bega akimwambia nyabo, mama, basi, imeisha. Mimi nilikuwa nimesimama pale mezani na picha mbili mbele yangu, na hakuna aliyekumbuka kuniambia kwamba sasa ninaweza kubaki.